Draiva ya nani imo kwenye diski? Mwongozo wa kutibu diski za Macintosh za zamani bila kupoteza mafaili

Wanaoanza kufufua Macintosh za zamani huniuliza maswali yaleyale. Diski inazunguka na inasikika vizuri, mbona haionekani kwenye skrini? Nimeendesha programu ya kurekebisha diski, mbona hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo? Imeji yangu (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) inafunguka kwenye emyuleta (programu inayoiga Macintosh kwenye kompyuta nyingine), mbona mashine yenyewe inaikataa? Wanaouliza hudhani haya ni matatizo tofauti. Mara nyingi chanzo ni kimoja: draiva (programu ndogo inayoiwezesha mashine kuwasiliana na diski) iliyoandikwa kwenye diski haipatani na mashine, au na mfumo endeshi, au na programu iliyofunguliwa ili kuitibu diski hiyo.

Mwongozo huu unahusu Macintosh zenye diski za SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha vifaa kadhaa kwa mnyororo mmoja), kuanzia Macintosh Plus ya 1986, pamoja na zile za baadaye zenye IDE (njia nyingine ya kuunganisha diski) zinazoweza kuwaka kwa Mac OS 9. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua ya 3 usiiruke kwa sababu yoyote ile.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Kwenye kompyuta nyingi draiva ya diski huja na mfumo endeshi. Kwenye Macintosh za zamani, draiva hukaa ndani ya diski yenyewe. Ukiwasha mashine, ROM (kumbukumbu ya kudumu yenye maagizo ya kuiwasha) husoma bloku ya kwanza kabisa ya diski, bloku namba 0, ikitafuta alama ya herufi "ER". Humo imeandikwa draiva iko wapi. ROM huipakia kwenye kumbukumbu, na baada ya hapo ndipo System, yaani mfumo endeshi wa Macintosh, huanza kusomwa. Kuanzia bloku namba 1 kuna ramani ya patisheni, yenye alama "PM", inayoonyesha kila sehemu ya diski inaanzia wapi na ina ukubwa gani.

Draiva hiyo iliwekwa na programu iliyofomati diski. Huenda ni Apple HD SC Setup, huenda ni Drive Setup, huenda ni FWB Hard Disk ToolKit, Silverlining ya La Cie au Lido. Ndiyo maana unaweza kusakinisha System mpya kabisa na bado mashine ikawa inatumia draiva iliyoandikwa miaka mingi kabla ya System hiyo.

Programu kama Disk First Aid, Norton Utilities na DiskWarrior hazirekebishi draiva. Zenyewe hushughulika na mfumo wa mafaili, na hufika huko kwa kupitia draiva hiyohiyo. Draiva ikileta majibu mabaya, programu ya kurekebisha itaona makosa mahali pasipo na makosa, kisha itaandika "marekebisho" juu ya data isiyo na kasoro. Kwa hiyo draiva hutangulia, na mafaili hufuata.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Flopi au CD inayoweza kuwasha mashine yako bila kutegemea diski ya ndani. Flopi ya "Disk Tools" ya System 7 inafaa sana, maana ndani yake kuna HD SC Setup na Disk First Aid. Kumbuka kwamba Macintosh Plus haisomi flopi za 1.44 MB, iandalie ya 800K.
- Programu iliyofomati diski hiyo, au angalau zile unazozihisi.
- Njia ya kunakili diski nzima: kompyuta ya Linux yenye kadi ya SCSI, au BlueSCSI V2 au ZuluSCSI (vifaa vya kisasa vinavyotumia kadi ya SD badala ya diski ya SCSI) yenye uwezo wa kusoma diski nyingine.
- Temineta sahihi za SCSI, yaani vifaa vya kufungia ncha za mnyororo. Macintosh IIfx inahitaji temineta yake maalumu nyeusi; ya kawaida haiifai.
- Daftari. Andika kila ujumbe unaotokea kwenye skrini, neno kwa neno. Baada ya saa mbili za kazi hutakumbuka kama kilichoandikwa kilikuwa "unreadable" au "not a Macintosh disk".

Hatua kwa hatua

1. Usikubali kufomati. Mfumo usipoitambua diski hukuuliza kama uifomati, na kitufe cha "Initialize" kinakusubiri palepale. Bonyeza "Eject" au "Cancel". Swali hilo halimaanishi kwamba diski ni tupu. Maana yake ni kwamba mfumo haukuelewa ulichokiona.

Kishawishi hicho kipo hata kwenye kompyuta ya kisasa. Ukiunganisha diski ya Macintosh kwenye Windows, itataka "kuianzisha" diski. Ukikubali, Windows itaandika jedwali lake kwenye bloku namba 0, palepale penye alama "ER". Patisheni zako zitakuwa bado zipo, lakini Macintosh haitajua tena draiva iko wapi. Kataa.

2. Maliza habari ya waya kwanza. Kila kifaa kwenye mnyororo wa SCSI lazima kiwe na namba yake. Macintosh yenyewe hutumia 7, na diski ya ndani kwa kawaida ni 0. Temineta ziwe kwenye ncha mbili za mnyororo, zisiwe katikati. Macintosh Plus haitoi umeme wa temineta, kwa hiyo kifaa unachokiunganisha kijitegemee kwa umeme. Makosa yanayokuja na kuondoka, leo diski inaonekana na kesho haionekani, mara nyingi huanzia hapa, na hakuna programu itakayoyatibu.

3. Nakili diski nzima, bloku kwa bloku. Kuburuta mafaili hakutoshi, kwa sababu draiva na ramani ya patisheni havionekani kama mafaili. Kwenye Linux tumia ddrescue:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb diski.img diski.map`

Hakikisha sana kwamba /dev/sdb ndiyo diski unayoikusudia. Kwanza endesha `lsblk` ulinganishe ukubwa. Ukigeuza chanzo na mahali pa kuandika, utafuta kile ulichotaka kukiokoa.

Niliwahi kuletewa diski yenye patisheni mbili iliyofomatiwa kwa programu ambayo sikuwa nayo. Nikajaribu kuibadilishia draiva kwa programu ya mtengenezaji mwingine, ambayo iliahidi kufanya hivyo bila kufuta kitu. Patisheni ya kwanza ikafunguka. Ya pili, yenye mafaili yote ambayo mwenye diski aliyataka, haikufunguka tena. Nilirudisha nakala, diski ikawa kama ilivyokuja, nikaanza upya nikiwa na programu sahihi. Bila nakala ile ningekuwa na habari mbaya ya kumpelekea mwenzangu.

Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga, hii ndiyo hatua pekee ya kuifanya. Chukua nakala, izime diski, na kazi yote iliyobaki uifanyie juu ya nakala.

4. Jua draiva ni ya nani. Kuna njia tatu, na ya tatu ndiyo ya uhakika.

Ya kwanza: kama diski inafunguka, ichague kisha ubonyeze Get Info. Kwenye mstari wa "Where" mara nyingi utaona namba ya SCSI pamoja na toleo la draiva.

Ya pili: fungua SCSIProbe. Itakuonyesha kila kifaa kwenye mnyororo, mtengenezaji wake na modeli. Haikuambii draiva ni ya nani, lakini inathibitisha kwamba diski inajibu. Diski ikijibu kwenye SCSIProbe na bado isionekane kwenye dawati la skrini, elekeza macho yako kwenye draiva au ramani ya patisheni.

Ya tatu: soma mwanzo wa nakala uliyoichukua.

`hexdump -C -n 16384 diski.img`

Mwanzoni kabisa utafute `45 52`, yaani "ER". Kwenye nafasi ya 0x200 utafute `50 4d`, yaani "PM". Chini yake utaona majina ya patisheni: Apple_partition_map, Apple_Driver, Apple_Driver43, Apple_Driver_ATA, Apple_HFS. Apple_Driver43 ni draiva inayoielewa SCSI Manager 4.3, iliyoanza na Quadra 840AV mwaka 1993. Programu za watengenezaji wengine mara nyingi huacha jina lao kwenye patisheni ya draiva, na hapo jibu umelipata.

5. Linganisha draiva, mashine na mfumo. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Mashine zenye prosesa ya 68000, 68020 au 68030 zitumie HD SC Setup. Toleo la 7.3.5 ndilo ninalolipendekeza. Kwa 68040 na PowerPC tumia Drive Setup. Diski itakayokaa ndani ya Macintosh Plus au SE usiifomatie kwenye Power Macintosh kwa Drive Setup kisha ukategemea itawaka.

System 7 ilipotoka mwaka 1991 ilileta kumbukumbu pepe (kutumia diski kama kumbukumbu ya ziada) na anwani za biti 32. Draiva nyingi za wakati wa System 6 hazikuandikwa kwa ajili ya mambo hayo. Diski itafanya kazi siku nzima, halafu siku utakapowasha kumbukumbu pepe mashine itaganda.

Ukubwa nao una mipaka yake. Amri fupi za SCSI zina biti 21 tu za kutaja namba ya bloku, na bloku ni baiti 512. Ukipiga hesabu utapata GB 1. Draiva inayotumia amri hizo peke yake haiwezi kufika ng'ambo ya GB 1, hata diski ikiwa kubwa namna gani. Mfumo wenyewe pia una mpaka wake: hadi System 7.1 volyumu moja (sehemu ya diski inayoonekana kama diski kamili kwenye skrini) isizidi GB 2, na System 7.5 ikaupandisha hadi GB 4. Unapoweka kadi ya SD ya GB 32 ndani ya mashine ya 1989, igawe. Volyumu kadhaa ndogo zitakupa amani kuliko moja kubwa. Tena kwenye HFS, mfumo wa mafaili wa Macintosh, kila volyumu hugawanywa katika vipande visivyozidi 65,535, kwa hiyo kwenye volyumu ya GB 2 hata barua ya mistari mitatu hula KB 32.

6. Washa mashine kwa diski nyingine. Tumia flopi au CD uliyoiandaa. Kwenye System 7 na kuendelea, shikilia Shift wakati wa kuwasha ili ekstensheni (programu ndogo zinazopakiwa pamoja na System) zisipakiwe. Baadhi ya programu za kulinda diski huendesha ekstensheni zake chinichini, na ukiwa unabadilisha draiva hutaki kitu kingine chochote kiwe kinaandika.

7. Sasisha draiva kwa programu ya mtengenezaji yuleyule. Draiva ya Apple isasishwe kwa programu ya Apple, ya FWB kwa ya FWB. Kwenye HD SC Setup bonyeza "Update". Kwenye Drive Setup chagua diski, fungua menyu ya Functions, kisha "Update Driver".

Onyo la pekee: kwenye HD SC Setup, kitufe cha "Update" na kile cha "Initialize" viko dirisha moja. Kimoja kinabadilisha draiva na kuacha mafaili yako; kingine kinafuta kila kitu. Soma neno kabla ya kubonyeza, hata kama umeshafanya kazi hii mara hamsini.

Ukimaliza, washa mashine upya. Draiva mpya haianzi kufanya kazi mpaka ipakiwe tena, kwa hiyo mpaka hapo bado unaitumia ile ya zamani.

Ikiwa draiva ni ya mtengenezaji ambaye programu yake huna, Drive Setup itakataa kuisasisha. Usilazimishe. Njia salama ni kuhamisha mafaili kwenye diski nyingine, kuifomati diski hii upya kwa programu unayoiamini, kisha kuyarudisha. Ni kazi ndefu, lakini mwisho wake unaujua.

8. Sasa ndipo urekebishe mfumo wa mafaili. Anza na Disk First Aid, kwa kubonyeza "Verify" kabla ya "Repair". Ikisema hakuna tatizo, simama hapo.

Kabla ya kufungua programu nyingine yoyote ya kurekebisha, jiulize volyumu ni HFS au HFS Plus. HFS Plus, mrithi wa HFS, ilikuja na Mac OS 8.1 mwanzoni mwa 1998. Programu iliyoandikwa kabla ya hapo haiijui, na ikiachwa iirekebishe itaiharibu. Norton Utilities ilianza kuielewa katika toleo la 4. Matoleo ya chini ya hapo yaweke mbali na volyumu za HFS Plus, na hata ekstensheni zake uziondoe kwenye folda ya System.

Programu ikikuletea orodha ndefu ya makosa kwenye diski ambayo jana ilikuwa nzima, usibonyeze "Fix". Makosa mengi kiasi hicho kwa mara moja yanakuambia kwamba programu na diski hazielewani. Rudi hatua ya 4.

9. Pima kabla ya kuiamini. Washa kwa diski yenyewe, nakili faili kubwa, izime mashine kabisa, iwashe tena, ufungue faili hilo. Rudia jaribio hilo huku kumbukumbu pepe ikiwa imewashwa.

Makosa mengine ninayokutana nayo sana

Kusakinisha Mac OS 8 au 9 bila kuangalia sehemu ya chaguo. Humo mna kisanduku cha kusasisha draiva za Apple za diski. Kama diski yako ina draiva ya mtengenezaji mwingine, ondoa alama kwenye kisanduku hicho, kisha usasishe draiva mwenyewe kwa programu yake.

Kufomati diski kwa Disk Utility ya Mac OS X na kusahau kisanduku cha "Install Mac OS 9 Disk Drivers". Diski itafanya kazi vizuri kwenye Mac OS X, ila Mac OS 9 haitaiona kabisa. Kurudi nyuma kwa programu hiyohiyo kunataka ufute diski na kuanza upya.

Kuweka programu za kubana data au za nenosiri zinazofanya kazi ndani ya draiva. Diski ya namna hiyo husomeka kwa draiva yake tu. Usimguse kabisa mgonjwa huyu kabla hujaondoa nenosiri au ubanaji kwa programu ileile iliyouweka.

Mambo yakikataa

*Mashine inaganda mara tu diski inapounganishwa.* Inawezekana draiva iliyoharibika inapakiwa na kuiangusha mashine kabla hujafanya lolote. Shikilia Command-Option-Shift-Delete wakati wa kuwasha. Mashine itairuka diski ya ndani na kuwaka kwa flopi, CD au diski ya nje. Kisha fungua programu ya draiva usasishe.

*HD SC Setup inasema haioni diski, lakini SCSIProbe inaiona.* HD SC Setup hukubali diski zilizotoka Apple peke yake. Tumia Lido, FWB Hard Disk ToolKit, au toleo la 7.3.5 lililorekebishwa ili lisikague jina la mtengenezaji. Hapa ndipo wenye BlueSCSI na SCSI2SD hukwama siku ya kwanza, na kifaa chao hakina kasoro yoyote.

*Imeji inafanya kazi kwenye emyuleta, haiwaki kwenye mashine.* Soma mwanzo wake kama hatua ya 4. Ukikuta `4c 4b` mwanzoni badala ya `45 52`, na `42 44` kwenye nafasi ya 0x400, hiyo ni volyumu ya HFS peke yake, isiyo na ramani ya patisheni wala draiva. Basilisk II na Mini vMac huikubali, kwa sababu emyuleta huleta draiva yake yenyewe. Mashine halisi haina pa kuipata. Disk Jockey inaweza kukutengenezea imeji mpya yenye draiva na kuiweka volyumu yako ndani.

*Mafaili yote yametoweka, limebaki faili moja la maandishi linalouliza mafaili yako yameenda wapi.* Hakuna kilichopotea. Volyumu ni ya HFS Plus na unaitazama kwa mfumo wa kabla ya 8.1. Usiandike kitu humo; washa kwa Mac OS 8.1 au ya juu zaidi.

*Quadra yenye Mac OS 8.1 inaiona volyumu ya HFS Plus lakini haiwaki nayo.* Haitawaka. Mashine za 68040 husoma na kuandika HFS Plus, ila kuwaka kwazo ni kwa HFS ya kawaida. Tenga patisheni ndogo ya HFS kwa ajili ya System.

*Windows ilishaandika kwenye bloku namba 0 kabla hujausoma mwongozo huu.* Chukua nakala ya diski ilivyo sasa, kisha uangalie nafasi ya 0x200. Kama "PM" bado ipo, patisheni zako zinajulikana zilipo, na volyumu ya HFS inaweza kutolewa kwenye nakala na kuwekwa ndani ya imeji mpya yenye draiva. Kama una nakala ya zamani ya diski hiyohiyo, na ramani zake zinafanana, bloku hiyo moja ya baiti 512 ndiyo pekee unayohitaji kuirudisha.